Daftari la Karani na Nyuki wa Mshoni

Waliotutangulia katika kuandika juu ya ndoa wamesema mengi kuhusu mahaba, wivu, mahari na mavyaa, na katika mengi hayo wamesema kweli. Lakini juu ya daftari la matumizi wamekaa kimya, kana kwamba watu wawili waliofungishwa nikahi waweza kupita maishani pasipo mmoja kuuliza bei ya kitu na mwingine kuona swali hilo kuwa ni tusi. Mimi nimeishi jirani na daftari tangu ujana wangu, kwa kuwa riziki yangu ilikuwa ukarani katika ghala la mkonge hapa Tanga, mahali ambapo kila robota lilipimwa, likaandikwa, kisha likapimwa tena, na karani aliyepungukiwa na kilo moja alitakiwa aeleze kwa maandishi kilo hiyo ilikwenda wapi na kwa ruhusa ya nani. Mke wangu ni mshoni. Yeye huweza kutazama jora dukani, likiwa bado limekunjwa, akaona ndani yake gauni, na bibi arusi aliyelivaa, na wageni wanaomkodolea macho, na kijicho cha mawifi. Ilhali mimi, nikisimama ubavuni pake na kulitazama jora lile lile, huona yadi nne na kipande kitakachobaki.

Msomaji asituhurumie. Ikhtilafu hii imetuweka vizuri muda mrefu, na ina taratibu zake ambazo hakuna kati yetu azivunjaye. Ndoto huletwa baada ya sala ya isha, chai ikiwa mezani, hukataliwa papo hapo, hulala, asubuhi hurudi ikiwa imepunguzwa kimo, hukataliwa nusu, na kile kilichosalia ndicho tunachokwenda kununua. Mlango wetu wa mbele, mathalan, ulizaliwa katika fikira za mke wangu ukiwa mlango wa jumba la liwali, wenye nakshi juu na chini, kushoto na kulia, na misumari mikubwa ya shaba ya kumzuia tembo, mnyama ambaye hajapata kuonekana katika mitaa ya Ngamiani. Ukapita mikononi mwangu. Ukatoka bila ya misumari, na nakshi zake zikiwa upande mmoja tu, ule unaotazamwa na wapita njia. Wageni huusifu sana mlango ule. Mimi huwasikiliza kwa utulivu, nikijua ni sehemu gani ya sifa hizo iliyo haki yangu.

Mambo ya namna hii nimeyaona hata nje ya nyumba yangu. Mji huu uliwahi kusikika pwani nzima kwa taarabu ya magitaa, katika miaka ya vilabu vya Black Star na Lucky Star, na watu hata leo huwataja kwa heshima waliotunga na walioimba. Lakini mimi, nikisikia nyimbo zile redioni, humkumbuka zaidi yule bwana ambaye lazima alikuwapo katika kila kilabu, mwenye ufunguo wa stoo ya vyombo, aliyejua vipaza sauti vimeazimwa na nani na harusi ipi haijalipa. Hakuna aliyemtungia wimbo, na nadhani angetungiwa angeuliza nani atagharimia.

Kwa hiyo nasema, baada ya kutafakari sana, na baada ya kuumwa sana, kuwa hasara kubwa za maisha yetu hazikuletwa na ndoto za mke wangu wala na ukaidi wangu. Zililetwa na jamala. Zilitujia kila tulipopendana kupita kiasi, hata yeye akataka kuhesabu kwa ajili yangu na mimi nikataka kuota kwa ajili yake. Na bayana ya neno hili ni habari ya nyuki, ambayo majirani wameieleza mara nyingi na kwa chumvi nyingi, nami naona wakati umefika iandikwe na mtu aliyekuwapo.

Mke wangu na kaka yake wamerithi shamba la minazi upande wa Tongoni, kusini ya mji, si mbali na magofu ya msikiti na makaburi ya kale yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, ambayo baadhi yake yalisimamishiwa nguzo ndefu na kupambwa kwa mabakuli ya kigeni yaliyopachikwa ukutani. Mke wangu hupenda kupita pale tuendapo shambani, na kila apitapo huwa na la kuniambia. "Tazama, bwana," alisema mara moja, "watu hawa waliweka bakuli la Uchina kaburini. Unadhani walimwuliza karani?" Nikamjibu kuwa bila ya shaka walimwuliza, na kuwa karani wao alikuwa boriti, kwani katika nyumba za mawe za pwani yetu, kutoka Lamu hadi Kilwa, upana wa chumba haukuamuliwa na utajiri wa mwenyewe wala na matamanio ya mkewe, bali na urefu wa mti wa mkoko uwezao kubeba dari nzito ya mawe bila ya kupinda, nao hauvuki sana mita tatu. Ndiyo sababu tajiri wa zamani alikaa katika vyumba virefu na vyembamba, na tamaa yake yote ya upana, ilipokosa pa kwenda, ikapanda ukutani ikawa vidaka na nakshi za chokaa. Mke wangu akafikiri kidogo, akasema kuwa hilo ndilo alilokuwa akilisema yeye tangu mwanzo. Sijafahamu mpaka leo alikuwa na muradi gani, ila nililiandika.

Shamba lile lilikuwa na mushkili mmoja, nao ni kuwa mazao yake yalivunwa kwa bidii kubwa na watu tusiowajua. Tulipokwenda kuangua nazi tulikuta zimekwisha kuanguliwa, na kazi imefanywa kwa ustadi, makuti hayakuvunjwa na madafu machanga yameachwa yakomae kwa ajili ya safari nyingine. Shemeji yangu alishauri tuweke mlinzi; mimi nilipopiga hesabu nikaona kuwa mshahara wa mlinzi ungetupa haki ya kumwita yeye mwizi; shemeji akakubaliana nami. Sharti niseme hapa kwamba shemeji yangu ni mtu mwema mno, naye ana tabia ya kukubaliana na mtu aliyesema mwisho. Katika shirika la watu watatu mtu wa namna hiyo huleta hatari kuliko mpinzani, maana kila mmoja wa hao wawili hulala akijua ya kuwa ana wingi wa kura.

Basi usiku mmoja, chai ikiwa mezani, mke wangu akaniarifu kuwa amepata dawa ya wezi. Alikuwa amesikia habari za wakulima wa Sagalla, karibu na Voi, ambao wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, mmoja kila baada ya mita kumi hivi, iliyoning'inizwa na kuunganishwa kwa waya, ili tembo ajapo usiku na kuusukuma waya ule kwa kifua, mizinga itikisike na wenyewe watoke kuuliza kuna nini. Tembo, ambaye ngozi yake haijali miiba, huchelea mno kuumwa kandokando ya macho na ndani ya mkonga, na aghalabu akisikia mvumo wao tu hugeuka akaenda zake. "Sasa ikiwa mnyama mwenye mwili ule hukimbia," akasema mke wangu, "mwizi wa nazi, ambaye hata mkonga hana, atasimama?" Nilitaka kumwambia kuwa kukosa mkonga ni hoja ya kumfaa mwizi, lakini mwenzangu alikuwa amekwisha kunitoka, amefika mwaka 1914.

Kila aliyezaliwa Tanga amesimuliwa Vita vya Nyuki. Mwanzoni mwa Novemba mwaka ule jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao wakitoka Bara Hindi, lililetwa kwa merikebu kuja kuuteka mji huu, uliokuwa ukilindwa na watu kiasi cha 1,000, wengi wao askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani. Jenerali Aitken, mkuu wa jeshi lile, alikuwa na yakini ya ushindi kabla ya kuuona mji, na kwa sababu ya yakini hiyo hakuona haja ya kutuma mtu wa kuuchungulia. Nahodha wa manowari iitwayo Fox akatangulia bandarini kwa adabu kamili kuwaarifu wakubwa wa mji kuwa mapatano ya amani yaliyokuwapo yamevunjika, na akawauliza, kwa kuwa alikuwa hapo hapo, kama bandari yao imetegwa mabomu. Wakamwambia imetegwa. Akaamini, akaenda zake. Na huku merikebu zikisitasita, Jenerali wa upande wa pili, von Lettow-Vorbeck, ambaye wakati ule cheo chake kilikuwa bado cha chini ya hapo, akaleta watu wake kwa gari moshi kutoka upande wa Moshi, kisha yeye mwenyewe usiku akapanda baiskeli akaingia mjini kuhakikisha kwa macho yake ni kitu gani kipo na ni kitu gani hakipo. Tarehe 4 vita vikapamba moto mashambani na vichakani. Nyuki waliokerwa na risasi wakatoka katika mizinga yao mitini wakawauma watu wa pande zote mbili bila ya upendeleo. Na kesho yake Waingereza wakarudi merikebuni, wakaacha nyuma bunduki na risasi nyingi ambazo mwenye baiskeli alizipokea kwa shukrani. Huko Uingereza wako waliodai kuwa nyuki wale walipangwa na adui, dai ambalo mtu yeyote aliyewahi kujaribu kumpanga nyuki hawezi kulisikia bila ya kucheka.

Mke wangu katika kisa hiki huona nyuki. Mimi huona baiskeli. Mji wetu umejaa baiskeli hata hivi leo, na sijasikia mtu aliyependekeza hiyo moja iwekewe mnara.

Nikachukua kalamu. Nikaandika mizinga, nguzo, waya, nta ya kuwavutia nyuki, mafuta mazito ya kupaka miguu ya nguzo ili siafu wasipande, mavazi mawili ya kinga, bomba la moshi, tochi na betri zake, kwa kuwa asali hulinwa usiku, nikajumlisha, na jumla ikaizidi thamani ya nazi zote ambazo mwizi mwenye afya njema angeweza kuiba mpaka kufa kwake. Nikapiga mstari chini ya jumla ile, kisha nikapiga wa pili. Kwa kawaida ndoto hulala, asubuhi ikarudi imepungua. Asubuhi ile haikurudi. Cherehani ilianza kulia baada ya alfajiri, ikalia mpaka adhuhuri, ikalia mpaka magharibi, na chai ya isha ikaja ikiwa na sukari ya kutosha na bila ya neno lolote.

Ndipo mkwe wangu akaingia kati. Mama huyu ana umri mkubwa na maneno machache, nami nikimwamkia huwa nakaa kitako nisubiri, kwa sababu baada ya marahaba yake hufuata hukumu. "Mwanangu," akaniambia, "mwenzio kila siku akupa ndoto nawe wampa jumla. Mpe ndoto na wewe walau siku moja." Laiti angeishia hapo! Walakini alikwenda pia kwa binti yake, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, akamnong'oneza kuwa mwanamume anayehesabu ni mwanamume mwenye hofu, na kuwa mke mwema humpunguzia mumewe hofu kwa kuhesabu yeye. Hivyo kila mmoja wetu akaamka siku iliyofuata na nia safi kabisa, pasipo kumwambia mwenziwe, na shemeji, aliyeshauriwa kwa nyakati mbalimbali na kila upande, akaunga mkono pande zote mbili.

Nilipomwambia mke wangu kuwa nimeridhia nyuki, hakuruka kwa furaha kama nilivyotazamia. Alitoa daftari lake mwenyewe, jipya, lenye jalada alilolishonea kitambaa, akaniambia nisitie hofu kwa kuwa amekwisha kupunguza. Na hakika alikuwa amepunguza. Mizinga haikuzunguka shamba, kwani waya ni ghali, bali iliwekwa safu moja karibu na kibanda cha shambani, pale tukaapo tukienda, ili tuweze kuiangalia kwa urahisi. Mavazi ya kinga ya dukani aliyafuta kwa mstari mmoja; angeshona mwenyewe, tena moja tu, kwa vipande vya vitambaa vya mabuibui vilivyorundikana katika kapu lake na visivyomgharimu senti. Bomba la moshi nalo alilifuta: ilikuwako pasi ya mkaa ya marehemu bibi yake, yenye tumbo na matundu, ambayo ukiijaza makumbi na kuipepea hutoa moshi wa kuwatosha nyuki na jirani zao. Tochi na betri zilifutwa kwa hoja ambayo, nakiri, ilinishinda kwa uzuri wake: jua ni la bure, asali italinwa mchana.

Sikusema neno. Karani mzima nilikaa mbele ya daftari lile, nikaona makosa yake yamejipanga safu, na nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeweka nadhiri ya kutohesabu, na kwa sababu nilikuwa nikishughulika na ndoto yangu.

Nyuki wenyewe walifanya kazi yao bila ya kutuuliza. Mke wangu aliisugua mizinga kwa nta na kwa majani ya mchaichai yaliyopondwa, jambo ambalo wafugaji hulifanya kwa kuwa harufu yake hukaribia ile ambayo nyuki huitumia kuitana nyumbani. Na kabla ya vuli makundi yakaanza kuingia, moja baada ya jingine, yakakuta minazi ambayo huchanua mwaka mzima na mikoko ya ufukweni, yakatulia. Mke wangu alipendeza mno siku zile. Alizungumza juu ya gharama za mitungi ya asali kwa sauti yangu. Nami nilitembea ufukweni mikono nyuma, nikitazama upeo wa bahari, na watu walioniona walimwuliza shemeji kama nimefiwa.

Sasa niieleze ndoto yangu, ambayo mpaka leo nashikilia kuwa ilikuwa nzuri. Niliona karamu. Niliona siku ya kulina asali ya kwanza imekuwa tafrija ya majirani na jamaa, pilau limepikwa, mwalimu wa madrasa ameombwa asome dua, vijana wenye ngoma wamekaa chini ya mwembe, na mimi nimesimama mbele ya mizinga nikitoa hotuba juu ya mwaka 1914. Kisha nikaona ndizi. Sijui zilitoka wapi. Nilikuwa nimekaa tu barazani, na mara nikaona mikungu ya ndizi mbivu, ya rangi ya dhahabu, imetundikwa katika kila nguzo ya mizinga kuwa alama ya neema. Na kwa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiona vipande vitakavyobaki, kuona ndizi mahali zisipokuwapo ni furaha ambayo hawezi kuinyima utekelezaji. Nilinunua ndizi zile bila ya kuuliza bei. Muuzaji alinitazama usoni kwa wasiwasi akaniongezea chane moja.

Wafugaji wenye uzoefu wangetuambia, kama tungewauliza, mambo machache. Wangetuambia kuwa nyuki hukerwa na kelele na mtikisiko. Wangetuambia kuwa hawapendi rangi nyeusi, na humshambulia mwenye kuivaa kabla ya mwingine, ndiyo sababu mavazi ya kinga huwa meupe. Wangetuambia kuwa nyuki auumapo huacha harufu ya kuwaita wenzake waje wamsaidie, na kuwa katika harufu hiyo mna kitu kile kile kinachofanya ndizi mbivu inukie ndizi mbivu, hata ikawa hadhari ya zamani miongoni mwao kutokula ndizi karibu na mzinga. Yaani, kwa ufupi, mke wangu kwa hesabu zake na mimi kwa ndoto zangu tulikuwa tumeandaa, kila mtu kwa upande wake na bila ya kusahau kitu, tangazo la vita.

Siku ile ilikuwa na jua zuri. Shemeji ndiye aliyevikwa vazi jeusi, kwa kuwa alipoulizwa ni nani atakayefungua mzinga, mke wangu alisema "kaka", na hakuna aliyesema baada yake. Mwalimu akaanza dua. Mkwe wangu alikuwa na pasi ya mkaa miguuni pake, kwa sababu pasi ilikuwa ya mamake na hakutaka ishikwe na watoto. Mimi nilikuwa nimefika mahali pa nahodha wa Fox katika hotuba yangu niliyokuwa nikiirudia kimoyomoyo, na vijana wakapiga ngoma, na shemeji akainua kifuniko.

Sikuona mwanzo wake. Nilichosikia ni ngoma kunyamaza, mkono mmoja baada ya mwingine. Dua ilikatika nusu, na "amina" ikasikika kutoka mbali sana, upande wa barabara, ikitolewa na mtu anayekwenda kwa kasi. Shemeji maskini, aliyekuwa hawezi kuona vizuri ndani ya buibui lake, alifanya kama binadamu yeyote afanyavyo akiwa katika shida, akakimbilia kwa watu. Na watu, kwa kuwa kila alikokimbilia aliwapelekea takrima ambayo hawakuiomba, wakamkimbia. Kwa muda fulani shamba la Tongoni lilikuwa na mambo mawili tu: mtu mweusi mwenye wingu juu ya kichwa akiwaomba jamaa zake wasimame, na jamaa zake wakimwapia kwa majina ya wazazi wao kuwa hawasimami. Mwishowe bahari ikamwokoa. Aliingia mpaka shingoni, akachutama, na kila alipoinua kichwa kuvuta pumzi alipokelewa.

Mke wangu na mimi tulikutana ndani ya kibanda, tumejifunika mkeka mmoja. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kukaa karibu namna ile tangu mambo ya daftari yaanze. "Bwana," aliniuliza, na mdomo wake wa juu ukiwa umekwisha kuvimba, "zile ndizi ni za nini?" Nikamwambia ni alama ya neema. Akanyamaza. Nami nikamwuliza kwa nini vazi lilikuwa jeusi. Akasema kitambaa kilikuwapo.

Hakufa mtu, na kwa hilo twamshukuru Mungu, kwani nyuki si mchezo na wako watu ambao mwiba mmoja tu huwatosha. Wageni waliobaki na macho walitoana miiba kwa kucha; waliobaki bila ya macho waliongozwa kwa mkono hadi zahanati. Hakuguswa hata mahali pamoja mtu mmoja tu, mkwe wangu, ambaye tangu dakika ya kwanza alitia makumbi katika pasi ya mamake, akaipepea kwa ukingo wa upande wa kanga, akakaa katikati ya moshi wake, na akamaliza pilau. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakutwambia mapema kuwa pasi yafanya kazi, alisema hakuna aliyemwuliza.

Jioni ile, watu wote wakiwa wamelala kwa kuvimba, wezi wakaja shambani. Walikuta nyuki wote wako upande wa kibanda, wakifanya mkutano juu ya ndizi, na upande mwingine wa shamba, ule ambao waya ulikuwa ghali kuufikia, hauna mlinzi, hauna mtu, hauna hata mbwa. Waliangua nazi kwa wasaa. Katika daftari langu siku hiyo imeandikwa kwa mkono wa shemeji, kwa kuwa mimi sikuweza kukunja vidole, na maandishi yake yasema "nazi: zote".

Nyuki wa Afrika, akisumbuliwa, hahesabu hasara, huhama. Kabla ya mwezi kuandama makundi yetu yalikuwa yameondoka, yote isipokuwa moja, ambalo halikwenda mbali. Katika kibanda kile kulikuwa na sanduku langu la bati, lenye tundu pale palipokuwa na kitasa, ambamo nilihifadhi madaftari yangu ya ghala la mkonge kwa miaka yote hii, pasi na sababu ninayoweza kumweleza mtu. Kundi lile liliingia humo. Mlina asali tuliyemwita, mtu wa makamo mwenye vazi jeupe, bomba la moshi na tochi, ambaye alikuja usiku na hakutaka hotuba, alifungua sanduku akakuta masega yamejengwa juu ya madaftari safu kwa safu, yamejaa. Nikiwa mwenye kupenda insafu, naandika hapa kuwa mali iliyoandikwa ndani ya madaftari yale haikuwahi kuongezeka hata mara moja mpaka siku ile. Asali ilikuwa nyeusi kidogo na nzito. Mlina alichukua ujira wake, mkwe wangu akachukua mtungi bila ya kuomba, na kilichobaki tuliwapelekea majirani nyumba kwa nyumba, wakakipokea kwa upande wa mlango.

Sanduku tumeliacha kwa wenyewe, na mlina asali huja akiitwa. Shamba sasa lina mlinzi, kijana wa kijiji cha pale pale, ambaye sehemu ya mshahara wake ni nazi. Mke wangu ndiye aliyeiota njia hiyo na mimi ndimi niliyezikata nazi hizo nusu. Tangu awasili hazijaibwa. Sitaki kuuliza zaidi ya hapo.

Juzi, baada ya isha, mke wangu aliweka chai mezani, akaniambia kuwa Wachina hununua jongoo bahari kwa bei ya kumtoa mtu akili, na kuwa ufuo wa mbele ya shamba letu una tope laini ajabu, na kuwa kwa vigingi na nyavu chache mtu aweza kuwafuga pale wakijilisha wenyewe bila ya kumgharimu hata kikombe cha unga. Alipokuwa akisema nilihisi ndani yangu kitu kikijaribu kuamka. Kwa mbali niliona vigingi, na juu ya kila kigingi bendera. Nikajizuia. Nikamwuliza nyavu hudumu muda gani katika maji ya chumvi. Nani atakesha kuwalinda jongoo hao na wezi, maadamu minazi yenyewe ilitushinda. Na kama amefikiri kuwa kuzungushia ufuo wa watu wote hutaka kibali. Nikamwambia hapana.

Mke wangu akamgeukia kaka yake, aliyekuwa ameketi kando na amekwisha kukubaliana nasi wote wawili, akamwambia kwa furaha asiyoweza kuificha, "Alhamdulillahi, shemeji yako amepona." Kisha akanijazia kikombe, akavuta kiti chake karibu na daftari. "Haya," akasema, "nyavu. Ukisema muda gani, wasema kwa nyavu za aina gani?"